Nekesa, Nani Anamchora Kobilo Sasa?

Nekesa rafiki yangu,

Barua zote nilizowahi kuandika nilianza kwa kumuuliza mtu hali yake, na sasa nimekaa hapa na karatasi mbele yangu, sijui nikuulize nini. Nikisema hujambo naona kama nakukosea heshima. Nisiposema naona kama tumegombana. Basi nianze tu na habari za huku.

Ulituacha watu wakipanda mahindi, sasa wanavuna. Chumba chetu cha Langas, hapa Eldoret, bado nakaa, peke yangu. Watu wameniambia nitafute msichana mwingine wa kuishi naye, nami nawajibu natafuta, lakini sitafuti. Mzee Lagat bado ndiye mhariri wa gazeti letu la kanisa na bado anakohoa kabla ya kusema jambo zito. Na Kobilo wa hadithi yetu ya picha bado anatoka kila mwezi kwenye ukurasa wa mwisho, yeye na punda wake na mikebe ya maziwa. Mpaka mwezi uliopita, pale chini kwenye pembe, jina lako lilikuwa linatoka pia.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, Nekesa, na ndiyo sababu nimekuandikia.

Unakumbuka vile tulivyofanya kazi. Ulichora kwanza, ukaacha viputo vya maneno vikiwa vitupu, halafu ukanisukumia karatasi mezani ukisema, "Haya Jeruto, waongeleshe." Hukuwahi kuniambia hadithi inaelekea wapi. Nilikuwa natazama uso wa Kobilo, natazama masikio ya punda, kisha naandika. Jina la Kobilo nilimpa mimi, ni la shangazi yangu wa Moiben, yule ambaye hashindwi na mtu kwa mdomo. Sura ilikuwa yako. Nilikuuliza siku moja umeitoa wapi ukasema kichwani, nikaamini, kwa sababu ulisema ukiwa umeshika kalamu kwa meno na mtu hadanganyi akiwa amebana kalamu kwa meno. Ndivyo nilivyofikiri.

Picha yako ya mwisho ni ile ya punda amesimama katikati ya barabara, na magari makubwa meusi yamepanga foleni nyuma yake, na Kobilo anavuta kamba. Nilimwandikia Kobilo aseme, "Twende, wageni wanachelewa." Tulicheka. Mimi sikufikiria kitu kingine zaidi ya punda mkaidi. Wewe ulifikiria? Hilo nalo sikukuuliza.

Si unajua siku hizi zilivyo. Mtu akitaka kutaja hata jogoo wa nyumbani kwao anaangalia nyuma kwanza. Gazeti lilipotoka, wanaume wawili wenye suti, watu wa serikali, walikuja ofisini wakauliza punda ni nani. Hawakuuliza punda ni nini. Waliuliza ni nani. Mzee Lagat alikohoa mpaka nikadhani ataanguka. Wewe ulifuta wino vidoleni ukawajibu pole pole kwamba ni punda wa maziwa na akichoka husimama. Mmoja wao aliandika jibu hilo. Wakanywa chai yetu, wakaenda.

Wiki iliyofuata homa ikakushika. Shingo ikakakamaa, mwanga ukawa unakuumiza macho, ukaniomba nifunike dirisha kwa leso. Tulikupeleka hospitali ya Plateau na pikapu ya kanisa, na nilikaa kando ya kitanda chako mpaka mwisho. Daktari alinieleza kwamba ni ugonjwa unaoshika utando wa ubongo, na wauguzi walifanya yote waliyoweza, niliwaona kwa macho yangu. Najua uliuawa na homa. Nilikuwepo.

Narudia kusema nilikuwepo kwa sababu tuliporudi kutoka kukuzika kwenu Kiminini, nilianza kusikia maneno sokoni. Yule msichana wa punda, eti. Waliokuja kumuuliza, eti. Kila aliyeniuliza nilimwambia ni homa, naye alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa kwamba nimeambiwa niseme hivyo. Nilipoeleza zaidi nilionekana mwongo zaidi. Ikafika siku nikajikuta nikisimama kwenye foleni ya maji nikijiuliza kama nilichokiona Plateau ndicho nilichokiona. Unaona mambo hayo? Watu wanaweza kukunyang'anya hata kifo ulichokishuhudia.

Mzee Lagat aliogopa kuliko mimi. Alisema tukitangaza kwenye gazeti kwamba umekufa, mwezi mmoja tu baada ya ile picha, watu watasoma kitu ambacho hatukuandika, na wale wenye suti watafikiri tumekiandika. Na tukiweka jina jipya chini ya Kobilo, mtu atauliza la zamani limeenda wapi. Akasema tungoje kidogo. Si mtu mbaya, unamjua. Alilia kwenye mazishi yako mpaka akaazimwa kitambaa. Lakini tulingoja, na ukurasa wa mwisho ukawekewa tangazo la dawa ya ng'ombe, na barua zikaanza kuja. Watu wa Ainabkoi wanamtaka Kobilo. Watoto wa shule wanauliza kama punda ametoka barabarani.

Ndipo kompyuta ikaletwa.

Ungeiona ungecheka. Ni kasha dogo, kioo chake hakizidi sahani, na rangi zake ni nyeusi na nyeupe tu. Marafiki wa kanisa wa ng'ambo ndio walioitoa, na kijana mmoja alitumwa kutoka Nairobi akanifundisha. Unashika kitu kidogo chenye mkia wa waya wanachokiita panya, unakisukuma mezani, na mshale unatembea kwenye kioo. Ndani yake kuna programu ya kuchora. Programu si kitu cha kushika, ni kama kazi ambayo mashine imefundishwa. Ukiifungua unaona karatasi nyeupe, na kando yake vifaa vimepangwa: penseli, brashi, kifutio, kopo la kumwaga weusi, na kamba.

Kamba ndiyo iliyoniponza. Unaizungusha kwenye picha vile mtu anavyomtega ndama, picha inanasa, unaweza kuinyanyua ukaiweka mahali pengine. Unaweza kuipunguza. Unaweza kuigeuza, Kobilo aliyekuwa anaelekea mjini akawa anarudi nyumbani. Na ukikosea unabonyeza mahali, kosa linaondoka kama halikufanyika, lakini ni lile la mwisho tu. Siku niliyofundishwa hilo nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji. Yule kijana alidhani macho yameniuma kwa ajili ya kioo.

Kuna kifaa kingine cha mkono unachokiburuta juu ya karatasi taratibu kama unapiga pasi, na kilichochorwa kwenye karatasi kinatokea kwenye kioo. Mzee Lagat alileta michoro yako yote kutoka kabatini akaiweka mbele yangu. Alikohoa. Kisha akasema, "Jeruto, yeye amefanya kazi yote tayari. Wewe ni kupanga tu."

Nikapanga. Nilichukua Kobilo wa mwezi mmoja nikamweka na punda wa mwezi mwingine, nyuma yao nikaweka mti uliouchora zamani. Nikaandika maneno. Na jina lako, ile herufi kubwa yenye mkia kama wa paka, nikalinasa kwa kamba nikaliweka chini kwenye pembe. Lilikuwa zuri. Hata mimi, nikiangalia kwa mbali, niliona umechora. Ukikuza picha sana ndipo unaona mstari wako uliokuwa laini kama uzi umekuwa ngazi ya miraba midogo myeusi, na hapo hakuna Nekesa, hakuna Kobilo, hakuna kitu. Ukipunguza, mnarudi wote.

Sasa niambie hiyo ilikuwa nini. Kuna siku nilifurahi kabisa. Nilikuwa nikija kazini nikihisi tunakutana. Kuna siku nyingine nilijiona kama mtu anayemvisha marehemu nguo na kumtembeza barabarani. Siku hizo mbili zilifuatana, wakati mwingine zilikuwa siku moja. Mwalimu mmoja wa Ainabkoi akaandika kumpongeza mchoraji, akasema siku hizi Kobilo ametulia. Alikuwa ametulia kwa sababu sikuwa na picha nyingi za yeye akifanya kitu. Nilimsimamisha tu, mwezi baada ya mwezi, punda upande huu, punda upande ule.

Halafu mama yako akaja.

Katekista wa Kiminini ndiye aliyempelekea gazeti. Alikuja na basi la asubuhi kutoka Kitale, amevaa sweta ya kijani na gumbuti za mpira miguuni, begi la kiondo begani. Sikuwa nimemwona tangu mazishi. Nilisimama kumsalimia, naye akanipa mkono, akaketi, akafungua gazeti juu ya meza yangu akaweka kidole kwenye jina lako.

"Nilimzika," alisema. "Udongo wa kwanza nilitupa mimi. Sasa niambie ni nani anachora."

Nilianza kumweleza habari za kompyuta na maneno yakawa yananiponyoka. Nikamwambia ni Nekesa lakini si Nekesa. Nikasema ni mimi lakini mkono si wangu. Mama yako alinitazama vile anavyotazama, wewe unajua, kichwa upande mmoja. Akasema nimwonyeshe. Nikawasha mashine, nikamfungulia ukurasa wa mwezi unaokuja ambao ulikuwa nusu, nikazungusha kamba, nikamnyanyua Kobilo kutoka mahali pamoja nikamweka pengine. Hakushtuka. Alisogea karibu mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa kiganja.

Akasema, "Huyu ni mimi."

Nilidhani anasema Kobilo anafanana naye. Akaniambia hapana, ni yeye. Alipofiwa na baba yako ukiwa mdogo alikuwa akipeleka maziwa kila asubuhi kwenye kituo na punda, akiwa amefunga leso hivyo hivyo, fundo upande wa kushoto, kwa sababu sikio lake la kushoto linaingia baridi. Wewe ulikuwa unamfuata mpaka njia panda halafu unaenda shule. Ulimchora kwenye mchanga, ukamchora kwenye ukuta wa jiko kwa mkaa mpaka akakuchapa. Alipoona gazeti kwa mara ya kwanza, miaka ile, alijijua papo hapo. Akanyamaza, akafikiri sote ofisini tunajua.

Nekesa, kwa nini hukuniambia? Nimeliuliza swali hili nikiwa na hasira, nimeliuliza bila hasira, silioni jibu. Miaka yote nilikuwa natia maneno kinywani mwa mwanamke aliye hai huko Kiminini, anayekamua ng'ombe, na sikujua. Mama yako hajasoma, jina lako tu ndilo analolijua kwa mkia wake, kwa hiyo aliniomba nimsomee viputo. Nikamsomea kadhaa. Nilisoma kwa sauti ya shangazi yangu wa Moiben, kwa sababu ndivyo ninavyomsikia Kobilo. Alisikiliza, halafu akasema bila ubaya, "Mimi siongei hivyo. Huyu ana maneno mengi."

Nikamwuliza yeye angemwambia punda nini. Akafikiri. Akasema hakuwa anamwambia kitu, alikuwa anangoja naye.

Kisha akageukia kioo tena. Alisema kitu kinachomsumbua si jina wala mashine. Kinachomsumbua ni kwamba tangu ufe anajiona kwenye gazeti amesimama tu. Kila mwezi amesimama. Anaamka asubuhi miguu ikimuuma na anawaza ni kwa sababu huko Eldoret hawajamruhusu kuketi. Alijua ni mawazo ya mtu aliyefiwa, akasema hivyo mwenyewe. Lakini akaniambia, "Mayi, mkalishe." Mayi ndivyo alivyoniita, kama anavyomwita binti wa kwake.

Nikatafuta. Nilipitia michoro yako yote, ile iliyo kwenye mashine na ile ya kabatini, mama yako akiwa ananipokeza karatasi moja moja. Kobilo anatembea. Kobilo anavuta, anainama, anabeba, anapiga mluzi. Hakuna hata mahali pamoja ulipomchora ameketi. Mama yako hakushangaa. Alisema wewe ulikuwa unaenda shule asubuhi na kurudi jioni, na saa hizo zote mbili alikuwa kwa miguu.

Basi nilichukua penseli ya mashine. Sijawahi kuchora mtu maishani mwangu, unajua nilipojaribu kuchora hata kikombe ulikuwa ukinifichia kalamu. Na ile panya haifuati mkono, ukitaka mviringo inakupa kiazi. Nilichora, nikafuta, nikachora. Mama yako aliniambia huyo niliyemtengeneza ana goti moja na ni la mbuzi. Halafu akainuka, akavua gumbuti, akaketi kwenye benchi la wageni na kunyoosha miguu mbele, kisigino juu ya kisigino, mikono imelala mapajani, viganja juu. Akasema nimtazame yeye, niache kutazama mashine.

Nilimtazama. Sijui kama ulipokuwa unachora ulikuwa unahisi hivi, kwamba mtu anakuja mbele yako kidogo kidogo na unaogopa kupumua. Nilikuwa nimefika kwenye viganja wakati stima ilipopotea. Kioo kikawa cheusi na kila kitu kikaenda, kwa sababu sikuwa nimehifadhi. Nilikaa pale nikatamani kulia na sikujua nalilia mchoro au nakulilia wewe. Mama yako alivaa gumbuti zake akasema twende nyumbani, kesho ataketi tena.

Alilala kwenye kitanda chako. Alinipikia ugali na mboga za kienyeji, akanilaumu kwa kuweka makaa machache. Hakutaja jina lako hata mara moja mpaka asubuhi, na asubuhi alilitaja kama mtu anayekuita uamke, kisha akaendelea kukunja blanketi.

Siku ya pili nilichora haraka zaidi. Si picha nzuri. Mstari unatetemeka na uso ni kama viazi viwili vimekutana. Lakini ameketi. Mama yako aliitazama, akasema miguu ni yake.

Mzee Lagat alipoiona alikohoa, akauliza tutatia jina la nani. Nilimwambia kwamba lako halitatoka tena chini ya kitu ambacho hukukichora. Akaanza kueleza yale ya watu na maneno yao na wale wenye suti. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, lakini mama yako alimtangulia. Alimwambia kwa heshima, "Mzee, mimi ndiye mama yake. Wakikuja kuuliza, waambie mimi ndiye nimesema alikufa na homa. Niko Kiminini, wanipate huko." Mzee Lagat akamtazama, akamtazama na Kobilo aliyeketi. Nafikiri ndipo alipojua ni mtu mmoja. Akachukua kalamu akaandika yeye mwenyewe kwamba Nekesa, aliyechora hadithi hii tangu mwanzo, alifariki kwa ugonjwa, na picha hii imechorwa na rafiki yake.

Gazeti likatoka hivyo. Nilingojea mlango ugongwe. Mmoja wa wale wanaume alikuja kweli, yule aliyeandika, akaomba nakala, akasoma ukurasa wa mwisho akiwa amesimama. Akauliza kama ni yule msichana aliyewapa chai. Nikasema ndiye. Akasema pole. Akaondoka na gazeti. Mpaka leo sijui ile pole ilikuwa ya nani, ya kazi au ya mtu, na sijui kama imekwisha ama inaanza. Sokoni wengine wamesadiki ni homa. Wengine wanasema tumelazimishwa kuandika. Na kuna wale waliosoma vibaya kabisa wakadhani aliyekufa ni Kobilo. Mama mmoja wa Moiben alituletea kibuyu cha maziwa ya mursik kwa ajili ya familia ya Kobilo, akakataa kukichukua tena hata nilipomweleza. Tulikunywa, mimi na Mzee Lagat. Sikujua nimshukuru kwa niaba ya nani.

Kwa hiyo ukiniuliza nani anamchora Kobilo sasa, bado jibu sina. Sura ni ya mama yako, mkono ulikuwa wako, jina ni la shangazi yangu, mstari unaotetemeka ni wangu, na kuna mashine katikati yetu isiyojua lolote kati ya haya. Nimeacha kulazimisha liwe jambo moja.

Picha zako bado zimo kwenye mashine. Kijana wa Nairobi aliandika kwamba nafasi imejaa na nifute za zamani. Sijafuta. Lakini sitazinasa tena na kamba. Hilo ni la kwanza ninalokuahidi. La pili ni kwamba maneno ya Kobilo nitampelekea mama yako kwanza, nimsomee, na akisema haongei hivyo, nitayatoa, hata kiputo kibaki kitupu.

Jumamosi naenda kwenu. Ametuma habari kwa katekista kwamba wanavuna, nifike mapema, na hataki mtu wa kuja kusimama kando ya shamba na uso wa msiba. Sitabeba karatasi wala penseli. Nimeazima gumbuti.

Lala, Nekesa. Nitakapofika kaburini sitakuwa na mengi, kwa kuwa nimeshayasema hapa. Nitakusalimu, halafu nitaenda kuvuna na mama.

Ni mimi wako,
Jeruto